Siku ya Ripoti na Zamu ya Kinu

Algiers, 18 Novemba 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeketi, goti limetulia, na kikohozi cha Malha kimekwisha. Mimi sijambo. Mvua ya huku hainyeshi, inaning'inia tu hewani. Asubuhi ukungu hupanda kutoka baharini mpaka kwenye ngazi za bweni, nasi tunakwenda darasani kama watu wanaotembea ndani ya maziwa. Juzi nilipotea kwenye njia ninayopita kila siku. Nikasimama, nikasikia meli ikilia nisikoona, nikadhani ni ng'ombe wa jirani yetu Nna Tasadit anaita ndama wake. Nilicheka peke yangu, kisha nikakukumbuka, kicheko kikakatika.

Baada ya salamu, Mama, nina jambo. Malha ameniandikia kijibarua, na najua hakukwambia, kwa hiyo usimkaripie. Tarehe 19 Desemba, siku ya mwisho kabla ya likizo ya majira ya baridi, shule yao ya kati inatoa ripoti. Ripoti haitapewa mtoto, itapewa mzazi mkononi. Mkuu wa shule amesema mwaka huu hakuna kusameheana: ambaye mzazi wake hakufika, Januari asirudi darasani. Mwaka jana wote hakuna aliyekwenda kwa ajili ya Malha. Baba yuko jangwani kwenye visima vya gesi, na hana ruhusa ya kuja mpaka Februari. Umebaki wewe.

Na kuna zaidi. Malha, aliyekuwa wa kwanza tangu shule ya msingi, amepata nane kati ya ishirini katika hisabati. Mwalimu wake, Bwana Lakhdar, anasema mwili wa binti huyu huja darasani kila siku, mwenyewe hayupo. Anataka kuonana nawe. Mama, nakuomba uende.

Najifunza kuwa mwalimu wa watoto wa umri wa Malha, na kila ninapofungua kitabu naiona sura yake. Sitaki awe mfano ninaousoma kwenye kitabu.

Mwanao,
Dehbia


Kijijini, 27 Novemba 1984

Dehbia binti yangu, taa ya nyumba,

Maneno ni yangu, mkono ni wa Malha, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipunguze wala asipambe. (Naandika kama anavyosema, Dada.)

Nakusalimu sana. Nna Tasadit anakusalimu, na ng'ombe wake pia, maana nimemsimulia habari ya meli akacheka mpaka akakaa chini. Goti ni lilelile. Asubuhi linagoma, jua likitoka linakubali. Kikohozi cha Malha kimekwisha, sasa anakohoa ninapomtuma maji tu. (Si kweli.)

Habari ya shule nimeisikia. Sasa na wewe sikia ya huku. Ijumaa wazee walikutana kupiga kura ya zamu za kinu cha mafuta. Kijiti cha kila nyumba kilitiwa kwenye kofia ya joho la ami yako Arezki, mtoto mdogo akawa anachomoa. Sisi tumeangukia siku gani? Jumatano, tarehe kumi na tisa. Siku yenu hiyohiyo. Niliposikia nilitazama juu nikauliza huko juu kuna kalenda ngapi.

Unajua sheria ya kinu, hukuzaliwa mjini. Anayeikosa zamu yake anakwenda mkiani, na mkia mwaka huu utakuwa baada ya theluji. Zeituni hazijui kungoja. Ukizirundika zinapata homa kama mtu, mafuta yanatoka makali, hata mkate unayakataa. Nimezichuma peke yangu mti kwa mti tangu majani ya mtini yalipoanguka. Nikiziacha zioze, mwaka mzima tutachovya mkate kwenye nini? Kwenye ripoti?

Na hata kinu kisingekuwapo, nisikilize vizuri. Kule shuleni wanasema Kiarabu, wakichoka wanasema Kifaransa. Mimi nina Kikabyle changu na mikono yangu. Nitaketi pale kama gunia la mtama, watu wananizungumza juu ya kichwa changu, na mtoto anaona haya. (Sioni haya.) Andika ninachosema! (Ameniambia niandike anachosema.) Wewe ulisoma mpaka ukafika Algiers, mimi sikukanyaga kizingiti cha shule hata siku moja. Baba yenu ndiye aliyekuwa anakwenda, akirudi ananiambia "wamemsifu", nami nakaanga mayai. Basi. Sehemu yangu ilikuwa mayai.

Huyu naye akili yake inakwenda wapi sijui. Nyumbani yupo. Nikimwita anaitika kabla sijamaliza jina.

Vaa soksi mbili.

Mama yako,
Wiza


Algiers, 4 Desemba 1984

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini nanyi ni wazima wote. Nimevaa soksi mbili.

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikaisoma tena kitandani, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nitaiweka hapa.

Wiki hii tulikuwa na somo la shule na familia. Mhadhiri wetu alisema mtoto ni kama chungu kizito chenye vishikio viwili, kimoja kinashikwa na mwalimu, kingine na mzazi, na mmoja akiachia hakuna wa kulaumiwa ila aliyeachia. Kisha akasema: "Mzazi asiyefika shuleni ameshasema anachokitaka." Wenzangu wote waliandika. Na mimi niliandika. Nilipomaliza nikatazama nilichoandika, nikaona nimekuandika wewe.

Usiniambie habari ya mayai. Mafuta yakiharibika tutakula mkate mkavu mwaka mmoja. Malha akiharibika, tutakula nini? Ana miaka kumi na minne. Unajua ami Arezki anavyosema, kwamba msichana akishajua kusoma anuani ya barua amesoma vya kutosha. Ukimtuma yeye kwa niaba yako atarudi na uamuzi wake mfukoni, na Baba akifika Februari atakuta mambo yameshakuwa. Majina ya akina binamu unayajua, walitoka shuleni kwenda "kupumzika kidogo" wakati wa baridi, hawakurudi tena.

Ningekuja mwenyewe. Mtihani wangu wa mwisho wa muhula ni tarehe hiyohiyo kumi na tisa, asubuhi. Nami nimeuliza kalenda ziko ngapi.

Nijibu jambo moja tu: kipi kinakuuma zaidi?

Dehbia


Kijijini, 9 Desemba 1984

Dehbia,

Salamu. Sote wazima.

Mama yako

(Dada, ndiyo yote aliyosema. Nilimsomea barua yako karibu na moto. Nilipofika kwenye maneno ya mhadhiri akaniambia rudia, nikarudia, akaniambia basi. Akatoka kwenda kuwalisha mbuzi, na mbuzi walikuwa wameshalishwa. Nilimsubiri na kalamu mpaka wino ukakauka. Tafadhali usiandike tena hivyo, kwa sababu mimi ndiye ninayeyasoma kwa sauti. Malha.)


Algiers, 13 Desemba 1984

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijui kama hii itakufika kabla ya Jumatano, lakini siwezi kulala na ile nyingine ikiwa ndiyo ya mwisho kati yetu. Nina afya, ila nimekuwa mtu wa kuongea na karatasi tu.

Nimeota. Nilikuwa kwenye ukumbi wa mihadhara, sakafu imejaa zeituni mpaka magotini, na hakuna aliyeshangaa. Wanafunzi walikuwa wanaandika, zeituni zinapanda polepole bila sauti, kama maji yanavyopanda ndani ya kisima. Wewe ukaingia na kitambaa chako cha mistari kiunoni, umebeba wavu wa kuchumia. Ukamwuliza mhadhiri kwa Kikabyle: "Ngazi mmeiweka wapi?" Naye akakujibu kwa Kikabyle, kwa adabu, akakuita Nna kama kijana wa kijijini anavyomwita mwanamke mkubwa: "Iko pale ulipoiacha, Nna Wiza." Mimi nikawa nakuita na wewe hunisikii. Niliamka mkono wangu umenyooka.

Mama, nilikuandikia kama mtu anayekuhukumu, nami sina nililochuma mwaka huu hata tunda moja. Nisamehe. Ukienda kwenye kinu, sitasema neno. Ukienda shuleni, usiende kwa sababu nilikuchoma. Malha namjua, hasinzii darasani wala si mvivu. Pale anapokwenda akili yake ikitoka darasani kuna kitu, na mimi kwa vitabu vyangu vyote sikijui. Labda wewe utakijua kwa kumtazama tu.

Nakubusu kichwani.

Mwanao mkaidi,
Dehbia


Kijijini, 21 Desemba 1984

Binti yangu Dehbia,

Tuko wazima, na wewe Mungu akuweke mzima huko huko uliko, maana kuja huwezi. Theluji imeanguka tangu jana na basi limeishia bondeni. Dereva amepanda kwa miguu kutuletea barua, yako ikiwemo, ile ya ndoto. Hii ataondoka nayo njia ikifunguka. Nina mengi. Malha amechonga penseli mbili.

Nilikwenda shuleni. Wala si barua yako ya hasira iliyonipeleka, na hii ya ndoto ilikuwa haijafika. Nilikwenda kwa sababu Jumanne jioni, tukifunga magunia, huyu mtoto aliniambia: "Mama, usiende. Nitakaa nyumbani nikusaidie, ndiyo nafuu." Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa shuka lake. Nikaogopa upole ule kuliko ningeogopa kelele.

Basi tukabadilishana. Yeye akavaa joho la baba yenu, akaenda kwenye kinu na nyumbu wa kuazima na magunia, kushika zamu ya nyumba. Mimi nikavaa gauni langu la arusi ya dada yangu nikateremka shuleni. Chemchemini nikamkuta ami yako. "Wiza! Umepambwa hivyo unakwenda kuanza darasa la kwanza?" Nikamwambia, "Ndiyo, Arezki, na ukitaka nitakushikia nafasi karibu yangu." Wanawake waliokuwa wanateka maji wakacheka mpaka mtungi wa mmoja ukafurika.

Shule inanuka chaki na mafuta ya jiko la kupashia moto. Nilidhani ni kubwa zaidi. Miaka yote hii nilikuwa nimeijengea kichwani ukuta mrefu, kumbe ni nyumba tu, yenye kutu kwenye bomba. Wazazi walikuwa wanaume wenye makoti, na wanawake wawili wa kule mjini bondeni waliokuwa wananong'ona. Nikasimama na ukuta mgongoni. Wakaita majina. Waliposoma jina la baba yenu hakuna aliyejibu, wakarudia, ndipo nikasema "Mimi." Sauti ilitoka kubwa mno, kama ninamwita mtu ng'ambo ya bonde. Wote wakageuka.

Huyo Bwana Lakhdar ni kijana mwembamba wa kutoka magharibi ya mbali, mafua yamemkamata, shingoni ana shali ambayo hakuna aliyemfulia. Hana Kikabyle. Akamwita Chabha, binti wa mtu wa posta anayesoma na Malha, atufasirie. Mwalimu akasema maneno marefu, yanapanda, yanashuka, mikono inazunguka. Chabha akanigeukia: "Anasema Malha ni msichana mzuri."

Nikamwambia, "Binti, maneno yale yalikuwa kama uzi wa gauni zima, na wewe unanipa kitufe. Toa yote."

Masikini, akawa mwekundu, akatoa yote. Kwamba nane si alama ya mtoto huyu. Kwamba anaulizwa swali anasimama kama aliyeamshwa. Kwamba mkuu ameshaandika jina lake kati ya wale ambao Januari watafikiriwa. Kisha mwalimu akanionyesha kwa mkono niketi pale anapokaa Malha. Ndivyo wanavyofanya siku hiyo, kila mzazi anakaa kwenye kiti cha mwanawe kusikiliza. Nikakaa. Magoti hayaingii chini ya dawati. Ni pembeni, dirishani.

Nikageuza kichwa, Dehbia, nikaona mlima wetu.

Sikujua kwamba unaonekana kutoka kule. Mimi siku zote niko juu yake, ningejuaje sura yake? Ukungu ulikuwa umefika nusu. Juu ya ukungu niliona shamba letu lote, dogo kama kitambaa kilichoanikwa. Niliona mzeituni mkubwa wa kwenye jabali, na ngazi yangu imeegemea palepale nilipoiacha. Hata vipandio vyake ungeweza kuviona.

Sasa nikwambie tulilokuficha. Mwaka jana, wakati wa baridi, nilianguka kutoka mti ule. Kulikuwa na barafu kwenye tawi. Nililala chini nikitazama majani mpaka jua likahama, sauti haitoki. Malha ndiye aliyenikuta aliporudi shule. Goti hili unaloniuliza kila barua limetoka huko. Nilimwapisha asikwambie, maana ulikuwa na mitihani.

(Dada, nilisimama kidogo hapa. Sasa naendelea.)

Nikamwuliza mwalimu: "Huyu mtoto anatazama nje wakati gani?" Chabha akafasiri. Akasema wakati wote, na ukungu unapopanda ndiyo zaidi. Ukungu ukifunika mlima anainuka kwenye kiti, hata katikati ya mtihani. Akasema, "Nilidhani anaota."

Nikamwambia, "Haoti. Ananitazama mimi kama bado niko juu ya mti."

Chabha alipofasiri, mwalimu akatoa leso akapenga kamasi muda mrefu sana. Ama mafua, ama jingine, sikumwuliza. Kisha akatazama mlima, mimi naye, kama watu wawili wanaongoja basi moja.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Akasema moyo wake ni mzuri lakini nane ni nane, na mkuu hasomi mioyo. Akasema: "Siku ya kufungua, tarehe tano Januari, njoo naye mwenyewe. Nitasema ninaloweza. Lakini nyumbani mtafanya nini?" Nikalichukua swali lake nikaondoka nalo.

Nikapanda nyumbani ndani ya ukungu. Sikuona hata viatu vyangu. Njiani nilikuwa nasikia kila kitu karibu kuliko kilivyo: kengele ya mbuzi sikioni, mtu anapasua kuni kama yuko begani kwangu. Nilihisi natembea ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Nikafika kwenye kinu jua linazama, nikitegemea mafuta yetu yameshaingia mitungini.

Nini? Magunia yetu yako mlangoni, yamefungwa! Malha amewapisha watu wa Nna Tasadit, kwa sababu mjukuu wao alikuwa na homa na mama yake alitaka kuwahi kurudi. (Alikuwa anatetemeka, Dada, ningefanyaje?) Nilifungua kinywa nimpe maneno ambayo karatasi hii isingeyabeba. Nikamwona alivyo. Joho la baba yenu linaburuta chini, uso una masizi, ameushika ugwe wa nyumbu anazunguka naye taratibu ili mnyama asipoe, na anahesabu kwa sauti. Nikasikiliza. Alikuwa anafanya hisabati. Nyumbu akizunguka mara kadha jiwe linasaga kadha. Anamwambia nyumbu jibu. Nikafunga kinywa.

Wakatumiminia zeituni zetu giza likianza. Taa moja, mvuke unapanda kwa nyumbu na kwa watu, jiwe linakwenda. Mafuta yalipoanza kutoka yalikuwa ya kijani na mazito, hayana haraka, na wote tulinyamaza kama inavyotakiwa mafuta ya kwanza yakishuka. Nikakata mkate nikamchovyea yeye kwanza. Nikala nami. Tulikuwa tumetoka mbali wote wawili siku ile, kila mmoja ametoka mahali pa mwenzake.

Ndipo nikamgeukia Nna Tasadit. Unajua wanawake wa mtaa wa juu huchuma kwa kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Tangu baba yenu aende jangwani nilijitoa, kwa sababu anayesaidiwa lazima arudishe, na mimi nina mikono miwili na goti moja. Sikutaka kuwa mtu anayepokea tu. Nikamwambia, "Tasadit, mwaka huu niingizeni." Maneno yale yalikuwa mazito kuliko gunia.

Akanitazama. "We mwanamke wa mawe! Miaka miwili tunapita chini ya shamba lako tukikohoa ili utuite. Ulidhani tuna vifua vibovu?"

Ndiyo habari ya siku yenu ya ripoti. Imeandikwa nane, na chini yake mwalimu ameandika mstari ambao Malha amekataa kunisomea. (Ameandika: "Mzazi alifika.")

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako,
Wiza


Algiers, 30 Desemba 1984

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifika jana, imelowa pembe moja, wino umepanuka kama ua. Ni mzima, ila nimebaki bwenini na wachache ambao barabara zao zimefungwa. Korido ni ndefu na kimya. Nikitembea usiku kwenda kuchota maji nasikia hatua zangu zinatangulia mbele.

Nimeisoma mara nyingi hata nimeanza kuchanganya: mara nadhani mimi ndiye niliyekaa kwenye dawati lile, mara mimi ndiye niliyelala chini ya mti nikitazama majani. Mlianguka nyumba nzima na mimi nilikuwa nauliza habari ya goti kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Sentensi ile ya mhadhiri nimeitafuta kwenye daftari. Sikuikata. Chini yake nimeandika: "Muulize kwanza yuko juu ya mti gani." Likizo ikiisha nitainua mkono darasani, nitaona atasema nini.

Mtihani nimefaulu. Tarehe tano ikipita niambie hilo moja tu, silali kwa ajili yake: wamempokea?

Mwanao,
Dehbia


Kijijini, 9 Januari 1985

Dehbia wangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa mdogo wako, kwa Nna Tasadit na kwa yule mjukuu, homa imemtoka. Theluji imebaki kwenye vivuli tu. Baba yenu ametuma salamu kwa mtu. Anasema jangwani nako usiku maji yanaganda, tusidhani ni sisi tu.

Wamempokea. Nakwambia mwanzo ili ulale.

Jumamosi tuliteremka pamoja. Mkuu wa shule ni mtu wa miwani, hakuinua uso. Akauliza, Chabha akafasiri: ni nani atakayemwangalia huyu nyumbani? Nilikuwa nimelifikiri jibu njia nzima, nikalisahau lote. Nikasema, "Yeye hatanitazama tena, kwa sababu sipandi tena peke yangu. Muda wake wote ni wenu." Bwana Lakhdar akasema yake, marefu, Chabha hakutaka kunipa hata kitufe. Mkuu akasukuma karatasi, nikatia kidole. Wamemhamishia upande wa ukutani, karibu na jiko, haoni nje. Tulipokutana mlangoni nikamwona mwalimu ana shali safi. Nilikuwa nimempelekea chupa ya mafuta na supu ya kunde, na mke wa mtu wa posta akadaka shali akaifua. Mafua yake yamepungua.

Jumapili, Malha akiwa shuleni kama siku yoyote ya kazi, tulichuma miti ya juu iliyobaki. Walikuja wote wa mtaa wetu, na nyimbo, na mikate, na maneno machafu ambayo Malha hawezi kuandika. (Naweza, ila amenikataza.) Kila mti una mtu chini ameshika ngazi. Mimi nikapanda ule wa kwenye jabali, kwa sababu nikiuacha mwaka huu sitaupanda tena.

Juu pale nikageuka kutazama shule. Sikuwahi kufanya hivyo. Miaka yote nimekuwa nikitazama tawi. Ni nyeupe, ndogo, iko chini kabisa kama yai ndani ya majani. Nikatafuta dirisha lile nikalipata. Palikuwa na kichwa cha mtoto mwingine. Najua wangu yuko ndani, nyuma ya ukuta, penye joto, haonekani, na ndivyo tulivyotaka. Lakini jicho halikukubali kutoka. Nilikuwa nahesabu madirisha, naona moshi wa jiko, najiambia ule moshi unapita karibu na sikio lake. Sijui nilikaa vile muda gani. Nilizinduka Nna Tasadit anagonga shina kwa fimbo:

"Wiza! Wee Wiza! Unaota? Zeituni haziko shuleni!"

Wakacheka bonde zima. Mimi nikacheka nao, na mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye tawi, mtupu.

(Dada, ametia kuni motoni, sasa anaendelea.)

Nataka nikuulize kitu, na unijibu vizuri, usiandike maneno ya shule. Malha najua anapokaa. Baba yenu najua, ni mchanga kila upande, ukitazama popote umemtazama. Wewe una miaka miwili Algiers na sijakuuliza. Pale unapokaa darasani, ni upande gani? Mbele yako kuna nini, ni bahari, au ni ukuta, au ni mgongo wa mtu? Niambie kilichopo, hata kiwe kibaya.

Nataka nijue, nikiwa juu, nitazame wapi.

Mama yako,
Wiza